Mwenye Daraja Hayupo

Kuna nchi ambayo msafiri huyaona mapazia yake kabla hajawaona watu wake. Inaitwa Sitirini, nayo iko ng'ambo ya Mto Mpaka, na kila nyumba yake, hata banda la kuku, ina pazia mlangoni. Na pazia hilo halikuwekwa kwa ajili ya jua wala nzi, bali kwa ajili ya heshima. Kwa watu wa Sitirini kuona ni jambo la lazima ambalo mtu mwema hujitahidi kulipunguza, na kuuliza ni ufidhuli. Mtoto akiulizwa nani kavunja mtungi akajibu "sijui", hupigwa busu na kuitwa mstaarabu. Mgeni akiuliza njia ya sokoni huambiwa "sijui" kwa sauti ya upole kabisa, kisha mwenyeji humshika mkono na kumfikisha hadi sokoni, maana ukarimu wanao, ila kujua ndiko wasikokutaka. Mke akimuuliza mumewe kama mchuzi umekolea chumvi, mume mwema hujibu "sijui" huku akisogeza bakuli aongezewe.

Lakini jambo la aibu kupita yote lilikuwa kuuliza swali lile lile mara ya pili. Aliyejibiwa "sijui" amejibiwa. Ndoa zilikuwa zimevunjika kwa swali la pili, na ndugu walikuwa wamegawana mashamba.

Kutokana na tabia hiyo nchi ilineemeka. Watu wa nchi jirani waliotaka kumiliki mali bila kujulikana kuwa wanaimiliki walivuka mto, wakaja kuyaweka majina yao amana. Mteja aliingia chumba cha Mtunza Jina, akakaa upande mmoja wa pazia zito, akanong'ona jina lake na la baba yake na la nyumba yake ndani ya mwanzi uliopenya pazia, na upande wa pili Mtunza Jina alitega sikio, akasikia, akanywa funda la maji kulishusha jina tumboni, kisha akasema, "Sijui." Hapo shughuli ilikuwa imekwisha. Mteja alirudi kwao na jina la kivuli, ambalo aliweza kulibandika kwenye shamba au kisima au jumba, pamoja na alama ya yule Mtunza Jina aliyelibeba lile la kweli. Hakuna kilichoandikwa, kwa kuwa wakuu wa Sitirini walishikilia kwamba wino huvuja, ila tumbo halivuji.

Staha alikuwa mmoja wa Watunza Majina, na alama yake ilikuwa ua la asumini. Alikuwa binti mwenye haya nyingi mno, na kazi ile aliipenda kwa sababu ya pazia. Utotoni, wageni walipobisha hodi, alijificha nyuma ya kanga ya mama yake. Alipokua akapata kazi ambayo kujificha ndiko ustadi wenyewe. Hakuwahi kuona uso wa mteja hata mmoja, wala mteja hakuuona wake. Majina yalikaa ndani yake kama wageni waliolala: alijua wamo, na hakuwaamsha.

Aliyemfundisha kazi alikuwa Mzee Dhamana, mkuu wa Chama cha Watunza Majina, mtu mrefu mwenye kanzu isiyo na kunyanzi na sauti ya mawaidha. "Kazi yetu si kusema kweli wala si kusema uongo, mwanangu," alimwambia siku ya kiapo. "Kazi yetu ni kutokuwepo." Kisha akamweleza adhabu ya anayetoa jina la mteja. Mtu huyo hapigwi wala hafungwi, huvuliwa jina lake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Sitirini atakayemwita. Ataambiwa "wewe" sokoni na "yule" msibani, na akifa atazikwa bila kutajwa. Staha alikuwa amemwona mtu wa namna hiyo alipokuwa mdogo, muuza mkaa kando ya njia, na kilichomkaa moyoni hakikuwa matambara ya mtu yule wala masizi yake, bali jinsi alivyogeuka upesi kila mara mpita njia alipoitwa na mwenzake.

Ni lazima pia litajwe paa la mahakama. Mahakama ya Sitirini ilikuwa ndani ya jengo zuri lenye nguzo za mawe na paa bovu. Mvua ikinyesha, maji yalidondoka katikati ya baraza, na kwa kuwa jengo lilikuwa la kupanga na mwenye jengo alikuwa jina la kivuli, hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Hakimu mmoja baada ya mwingine alikiuliza Chama, na Chama kikajibu kwa adabu kwamba hakijui. Na hakimu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, hakuuliza tena. Basi pakawekwa beseni la shaba, na mtumishi wa kulimwaga, na mvua ilipozidi kiti cha hakimu kilisogezwa. Wanasheria wa nchi hiyo walikuwa na kanuni ndefu kuhusu upande wa kukisogezea.

Ni katika majira hayo ya mvua ndipo alipofika Bi Lalama.

Alitoka Bayana, nchi ya upande wa pili wa mto, ambako nyumba zimejengwa zikitazamana mlango kwa mlango na watu huulizana wamekula nini na nani kapika. Alikuja juu ya punda, amejifunika shali zito la buluu lenye nakshi pindoni, na alizungumza tangu nje. Aliingia chumbani kwa Staha, akakaa upande wa wateja, akautazama ule mwanzi, akausukuma kando, akasema kupita juu ya pazia kana kwamba anazungumza na jirani.

"Mimi sikuja kuweka, bibie. Nimekuja kuchukua."

Staha aliurudisha mwanzi mahali pake.

Lalama akaeleza. Kwao kulikuwa na daraja la mbao juu ya Korongo la Mashaka, na kwenye nguzo yake palichongwa maneno "Mali ya Bwana Hayupo", na chini ya maneno ua la asumini. Mumewe, Mtiifu, alikuwa mlinzi wa daraja. Alipokea kibaba cha nafaka kwa kila avukaye, na mkokoteni ulikuja kuzichukua, ukiendeshwa na vibarua wasiomjua aliyewatuma. Mtiifu alipolalamika kwamba mbao zimeliwa na mchwa, aliletewa rangi apake. Akapaka. Siku ilipopita arusi, ngoma mbele na bibi arusi katikati, daraja lilikatika, na korongo likawapokea.

"Sheria yetu inasema anayepokea ushuru ndiye anayejibu, mpaka mwenye mali atajwe," alisema Lalama. "Tukamtafuta mwenye mali. Hayupo. Kila mahali ni Hayupo. Mvua hizi zikikatika kabla hajatajwa, mume wangu anakwenda machimboni kuvunja mawe mpaka afe. Mume wangu, bibie, hawezi hata kuchinja kuku. Kuku wetu wanakufa kwa uzee."

Upande wa pili wa pazia Staha alitabasamu bila kutaka, kisha akaona vibaya kwa kutabasamu.

Lalama aliendelea, kwa maana hakuwa mtu wa kuishia njiani. Alisema kwamba asingefika Sitirini kama si Bwana Takrima, Mungu amzidishie. Yeye ndiye aliyenunua sanda za maiti wote wa arusi ile. Yeye ndiye aliyewalisha wafiwa, akakaa nao mkekani, akalia. Yeye ndiye aliyempa punda na hili shali, akamwambia nenda, mama, usikate tamaa, ingawa nasikia watu wa huko hawasemi.

Kikombe kikamponyoka Staha, maji yakatapakaa sakafuni.

Kwa kuwa jina lilikuwa limeamka. Lilikuwa limelala ndani yake tangu msimu wa mavuno fulani, na sasa liliketi na kufumbua macho: Takrima, mwana wa Jaha, wa Nyumba ya Mikomamanga. Aliikumbuka hata sauti iliyopita katika mwanzi, sauti laini ya mtu aliyezoea kushukuriwa.

"Kuna nini huko ndani?" aliuliza Lalama.

"Sijui," alisema Staha; na kwa mara ya kwanza neno lile, ambalo maisha yake yote lilikuwa jepesi kama pumzi, lilitoka mdomoni mwake zito kama kokoto.

Lalama akajifunga shali lake na kusema kwamba yeye si mtu wa kugombana na pazia, na kwamba wataonana mbele ya hakimu.

Hakimu wa Sitirini wakati huo aliitwa Tahadhari, mtu mdogo wa umbo, mwenye ndevu haba, ambaye hakuwahi kutoa hukumu bila kwanza kulala nayo. Ombi la Lalama lilimsumbua kwa sababu halikufanana na kesi yoyote. Mwanamke huyu hakumshtaki Staha kwa kosa. Hakudai fidia. Kesi yenyewe ilikuwa nchi nyingine, chini ya hakimu mwingine, kuhusu daraja ambalo hakuna mtu wa Sitirini aliyelikanyaga. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba mtu asiye na hatia aamriwe kusema anachokijua, ili mtu mwingine asiye na hatia asiangamie.

Kabla ya siku ya shauri Mzee Dhamana alimwita Staha. Hakumkaripia. Alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia kwamba jambo ni jepesi: ataulizwa mara moja, atasema "sijui", na kwa kuwa hakuna hakimu wa Sitirini aliyewahi kuuliza mara ya pili, atarudi kwenye pazia lake kabla chakula cha mchana hakijaiva. Staha aliuliza, akiangalia kikombe, kama mzee anajua kwamba mtu atafungwa.

"Sijui," alisema Mzee Dhamana, kwa upole ule ule ambao nchi nzima ilimpendea.

Siku ya shauri mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baraza lilijaa watu wakikaa kuzunguka beseni, na sauti ya matone ilisikika kati ya maneno. Staha alisimama mbele bila pazia, macho yake kwenye vidole vya miguu, akihisi kila jicho lililomgusa kama mtu anavyohisi siafu.

Mzee Dhamana alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema huruma ni kitu chema, naye anamhurumia mgeni. Lakini kesi si yetu, kosa si letu, na mto uliwekwa na Mungu. Alisema leo litaombwa jina moja na kesho yote, na wateja watakwenda kwingine, na nchi itakula nini. Akamalizia kwamba binti huyu hakujenga daraja, hakulivunja, hakuchukua hata punje ya nafaka yake. Watu wakaguna kukubali.

Lalama alipoambiwa aseme, alisimama na kujikusanyia shali. "Mimi simlaumu binti," alisema. "Mtu akiiba nguo yangu akampa jirani aishike, jirani si mwizi. Lakini mimi nikija nikiwa uchi, nikamwomba, na yeye anajua ni yangu, halafu akaniambia haoni kitu, hapo, wazee wangu, jirani ameanza kuivaa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Hakimu akamgeukia Staha, akamuuliza kama analo jina la mwenye daraja. Staha alimwona Mzee Dhamana akiinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemsindikiza mtoto hatua zake za mwanzo. Akamwona muuza mkaa wa utotoni, akigeuka.

"Sijui," alisema.

Watu wakaanza kutafuta miavuli yao.

Hapo tone kubwa lilianguka, si kwenye beseni, bali kwenye kichwa cha hakimu, likateremka hadi katika ndevu. Watumishi wakakimbilia kiti wakisogeze. Hakimu Tahadhari akawazuia kwa mkono. Alikaa pale pale, maji yakimdondokea, akitazama juu kwa muda mrefu kana kwamba paa lile hakuwahi kuliona. Kisha akamuuliza Mzee Dhamana, kwa sauti ya kawaida, jengo hili ni la nani.

"Sijui, Mheshimiwa," alisema Mzee Dhamana.

"Siku litakapotuangukia," alisema hakimu, "wajane wetu watamwendea nani?"

Hakimu akawatazama watu waliosimama na miavuli, akamtazama mtumishi wa beseni, ambaye baba yake pia alikuwa mtumishi wa beseni. Na wengi walisema baadaye kwamba walijua litakalotokea, na kwamba waliona aibu kabla halijatokea, kama mtu anavyoona aibu mwenzake anapoanza kuvua nguo mbele za watu. Hakimu akamgeukia tena Staha.

"Binti, nakuuliza mara ya pili."

Baraza zima lilivuta pumzi. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio.

Staha alijaribu kuliinua lile neno na halikuinuka. "Mheshimiwa," alisema, sauti yake ikisikika kwa taabu, "nilikula kiapo nisiseme kwa hiari yangu."

"Hiari yako sikuigusa," alisema hakimu. "Nakuamuru. Kiapo chako kinakukataza kufungua mlango. Hakimkatazi mwenye ufunguo."

Kisha akatoa amri yake polepole, akilipima kila neno, kwa maana hata katika ushujaa wake alibaki Tahadhari. Alisema ameridhika kwamba kosa limetendeka, kwamba binti huyu mkono wake umo katika jambo hilo ingawa ni msafi, na kwamba mgeni hana mlango mwingine wa kubisha. Jina litakalotajwa ni moja, la mwenye daraja, na asiulizwe jingine. Litatajwa mbele ya mahakama ya Bayana tu, kwa kinywa cha aliyelisikia, kwa kuwa mahakama hiyo haipokei maneno yaliyopitia midomo ya watu wawili. Na halitatumiwa kwa ugomvi mwingine wowote. Mgeni atamlisha binti na kumlaza njiani, na kumrudisha salama.

Mzee Dhamana akasimama. Alisema Chama kinaitii mahakama. Lakini mahakama inaamuru ulimi tu; jina la Mtunza Jina ni mali ya Chama, na desturi itachukua mkondo wake. Hakimu alijibu, huku akijifuta uso, kwamba kwa hilo hana uwezo. Na wote waliona kwamba jibu hilo lilimuuma.

Basi palepale, kwa upole, Mzee Dhamana akamvua Staha jina lake. Hakuna sherehe ya jambo hilo. Alisema tu, "Wewe, unaweza kwenda," na watu wakampisha njia.

Waliondoka asubuhi, Lalama akitembea kwa miguu, Staha akiwa juu ya punda, kwa sababu Lalama alikataa kusikia vingine. Njia nzima alizungumza. Alimweleza habari za Mtiifu, anavyokoroma, anavyoomba radhi akijikwaa kwenye jiwe. Akamweleza pia habari za Bwana Takrima: atakavyofurahi, jinsi alivyomwambia kwamba akifanikiwa atamchinjia fahali. Mvua ilipokuwa kali alilivua shali na kumfunika Staha, na Staha alikaa chini ya sufu ile nzuri, akiinusa harufu ya karafuu iliyokuwa bado haijatoka. Mara mbili alitaka kumwambia. Amri ilisema mahakamani tu, na zaidi ya amri alimwonea huruma mwanamke aliyekuwa na mtu mmoja tu wa kumshukuru duniani.

"Una njaa?" aliuliza Lalama.

"Sijui," alisema Staha, kwa mazoea.

"Tumbo ni lako, mdogo wangu. Liulize."

Staha alifikiri kwa uzito. "Ninayo," alisema, naye akashangaa kwamba ilikuwa kweli.

Mahakama ya Bayana ilikuwa uwanja wa wazi wenye viti vya mawe, na nchi nzima ilikuwa imekuja. Wafiwa walikaa mbele, na katikati yao alikaa mtu mnene mwenye uso wa kupendeza, akimshika mkono bibi mmoja aliyepoteza wajukuu. Mtiifu alisimama pembeni amefungwa kamba, na alipomwona mkewe aliomba radhi, haikujulikana kwa lipi. Mbingu zilikuwa zimeanza kutakata. Mvua za mwisho zilikuwa zimekwisha kukusanya mawingu yao.

Yule mtu mnene aliinuka, akamlaki Lalama kwa mikono miwili, akamgeukia Staha. "Karibu, mwanangu," alisema. "Umetoka mbali. Umekula?"

Ilikuwa sauti ile ile.

Hakimu wa Bayana, mwanamke mzee mwenye haraka, alimwambia asimame mbele aseme alichoamriwa. Staha alisimama, akatazama zile nyuso zisizo na pazia, zinazouliza waziwazi, na akayarudisha macho kwenye vidole vya miguu. Alijaribu. Halikutoka hata neno. Watu wa Bayana, ambao hawana subira na kimya, wakaanza kunung'unika. Staha akamwita Lalama kwa mkono, akamnong'oneza kwamba hawezi bila pazia.

Bayana nzima haikuwa na pazia hata moja. Lalama akatafuta kwa macho, kisha akavua shali lake la buluu, akalishika kwa ncha mbili, akalinyanyua juu mbele ya Staha mikono ikiwa imenyooka kabisa. "Haya, mdogo wangu," alisema. "Sema. Hapa tupo mimi na wewe tu."

Na ndani ya kivuli kile cha buluu, akinusa karafuu, uso kwa uso na vidole vya Lalama vilivyokuwa vimekakamaa kwa kushikilia, Staha alisema, "Mwenye daraja ni Takrima, mwana wa Jaha, wa Nyumba ya Mikomamanga."

Alidhani Lalama angelia. Hakulia. Vidole viliendelea kushika kwa muda, kana kwamba habari haijafika mikononi. Kisha kimoja kikalegea, kikafuata kingine, na shali likaanguka chini kama kitu kilichokufa, na Staha akajikuta amesimama mbele ya watu wote, nao wakimtazama, na hakuna lililomtokea.

Bwana Takrima alisema kwa huzuni kwamba binti amedanganywa. Hajapata hata kumwona. Ilikuwa kweli, na Staha akakubali kwamba ni kweli. "Sijamwona," alisema, safari hii bila kunong'ona. "Nimemsikia. Na leo nimemsikia tena, aliponiuliza kama nimekula."

Hakimu wa Bayana hakumfunga mtu kwa neno hilo moja. Lakini jina likishapatikana, watu hujua pa kuuliza. Muuza mbao aliulizwa ni nani aliyechukua zile zilizokataliwa na maseremala, na safari hii aliulizwa kwa jina la Takrima. Vibarua wa mkokoteni walipelekwa kutazama ghala la Nyumba ya Mikomamanga, wakautambua mlango. Bibi aliyepoteza wajukuu aliuondoa mkono wake polepole, akaufuta kwenye nguo. Mtiifu akafunguliwa kamba, akamshukuru aliyemfungua, na pia aliyemfunga.

Lalama hakumchinjia mtu fahali. Alimpikia Staha uji, akakaa naye kimya mpaka bakuli likaisha, na kimya hicho kilikuwa zawadi, kwa maana kilimgharimu. Siku ya kumrudisha alimpandisha juu ya punda bila shali. Shali walikuwa wameliacha uwanjani, na hakuna aliyeliokota, hata maskini.

Staha alirudi Sitirini na kuikuta nchi ilivyokuwa. Mapazia yalining'inia. Wateja walikuwa wamepungua kidogo, ingawa si kama ilivyohofiwa, na ilisemekana waliopungua ni wale waliokuwa na haja ya kupungua. Chumba chake kilikuwa na Mtunza Jina mwingine. Sokoni aliambiwa "wewe", na muuza samaki, aliyemfahamu tangu utotoni, alimpa samaki mkubwa kuliko aliyelipia huku akitazama kwingine. Alipata kazi ya kufua. Wakati mwingine mtu aliitwa njiani, na Staha akageuka upesi, kisha akaona haya.

Kilichobadilika ni kwamba lile swali la hakimu kuhusu mwenye jengo lilibaki hewani. Hakuna aliyelirudia kwa sauti, Mungu apishe mbali. Lakini watu wakipita mbele ya mahakama walitazama juu.

Mchana mmoja Staha alipita pale na kapu la nguo. Njia ilikuwa tupu, kila mtu amejifungia kwa ajili ya jua. Alisikia mkwaruzo, akainua macho, akaona juu ya paa la mahakama kanzu ndefu iliyojaa vumbi. Mzee Dhamana alikuwa amepiga magoti kwenye mgongo wa paa, vigae vipya kando yake, mikono imechafuka chokaa. Na ngazi aliyopandia ilikuwa imeteleza. Ilining'inia kwa ncha moja kwenye mfereji wa maji, ikiyumba.

Mzee Dhamana alimwona. Akatazama huku na huku njiani, akitafuta mtu mwingine yeyote.

"Wewe," aliita.

Staha hakufanya makusudi. Lakini tangu arudi alikuwa ameanza kulizoea neno hilo kama mtu anavyozoea upepo, na miguu yake iliendelea mbele.

Ngazi ikateleza tena kidogo, ikalia.

"Staha," alisema Mzee Dhamana. "Nishikie ngazi."

Aliligeukia jina lake mwili mzima. Akaliweka kapu chini, akaja, akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaikita ukutani na kuiegemea kwa kifua. Mzee alianza kushuka, pole pole, akitafuta kila kidato kwa ncha ya kidole. Alipofika katikati Staha alimuuliza, kwa sauti ndogo, bila kuinua uso.

"Hakimu akiniuliza nani kaliziba paa, nimwambie nani, mzee wangu?"

Miguu ilisimama juu ya kichwa chake. Chokaa kidogo ikamdondokea begani.

"Sijui," alisema Mzee Dhamana.

Staha aliishika ngazi vizuri zaidi, ili asianguke. Kisha akauliza mara ya pili.

Miguu haikushuka wala haikupanda, mpaka nguo zilizokuwa kapuni juu zikaanza kukauka.

"Mwambie ni mwenye jengo mwenyewe," alisema mzee mwishowe. Na alipoona binti bado anangoja, akasema, "Mwambie ni Dhamana."